Muulize Mzee wa Hewa: Kocha mpya amekuja na karatasi moja tu

Mzee wa Hewa ni mtabiri mstaafu wa hali ya hewa. Alisoma Norman, Oklahoma, kuanzia 1998 hadi 2000, na kila mwezi hujibu barua zenu kuhusu michezo, mvua, na mambo mengine ambayo hakuombwa kuyajua.

SWALI: Shikamoo Mzee. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Des Moines, Iowa. Tulitoka kambi ya Nyarugusu, Kigoma, mwaka 2015. Mwanangu wa pili anacheza ule mpira wao wa kofia, futiboli ya Kimarekani, katika chuo kidogo huku. Msimu uliopita walifungwa mechi tisa kati ya kumi, nikawa kila Jumamosi usiku nampikia ugali na samaki kama mtu aliyefiwa. Mwaka huu wameleta kocha mmoja kijana, wanamwita kocha wa ushambuliaji. Kocha mkuu ni yuleyule, na wachezaji karibu wote ni walewale. Wamecheza mechi sita, wameshinda tano! Mwanangu anasema huyo kijana amewapunguzia mambo ya kukariri, na lile kitabu nene alilokuwa analala nalo chini ya mto limerudishwa ofisini. Baba yake anasema ni bahati tu, au wapinzani wa mwaka huu ni wabovu. Mimi nauliza: mtu mmoja ambaye hata si bosi anawezaje kugeuza timu nzima? Na siku akiondoka itakuwaje?
*Mama wa namba 83, Des Moines*

JIBU: Marahaba mama. Mumeo msamehe. Hata mimi ningesema ni bahati kama nisingeyaona kwa macho yangu, tena fagio likiwa mkononi.

Nilifika Norman Agosti 1998 kusomea hali ya hewa. Kwa watu wa fani yangu mji ule ni kama Mwaloni Kirumba kwa mtu wa samaki: unachokitafuta kipo, na siku nyingine chenyewe kinakutafuta wewe. Tarehe 3 Mei 1999 kimbunga kilipita Bridge Creek na Moore, pua na mdomo na sisi, kikaua watu 36. Basi kiangazi kile mji mzima ulikuwa na mazungumzo ya aina mbili, nani kapoteza paa na kocha mpya wa timu ya chuo ni mtu wa namna gani.

Ufadhili wangu ulilipa ada na kitanda. Sabuni, simu ya nyumbani na akiba ya nauli nilivitafuta mwenyewe: jioni naosha sufuria katika bwalo la wanafunzi, Jumapili alfajiri nasafisha uwanja wa mpira. Kwa hiyo kipimo changu cha timu kilikuwa mifuko ya taka. Msimu wa 1998 safu za juu tulikuwa tunazipita tu, maana waliokaa huko walishaondoka kabla ya robo ya mwisho, na vikombe walivyoviacha vilikuwa na soda nusu. Mtu aliyelipia soda kwa bei ile akaiacha nusu, ujue hasira zimempanda.

Usidhani ilikuwa timu ya mchangani. Chuo Kikuu cha Oklahoma kiliwahi kushinda mechi 47 mfululizo kati ya 1953 na 1957, na kufika 1985 kilikuwa na ubingwa wa taifa mara sita. Kisha mambo yakaharibika taratibu, kama nyumba ya urithi. Mwaka 1996 walishinda mechi 3 kati ya 11, mwaka 1997 mechi 4 kati ya 12, na huo mwaka wangu wa kwanza 5 kati ya 11. Texas, watani wao wa jadi, waliwapiga 34 kwa 3. Texas A&M waliwapiga 29 kwa sifuri. Katika mechi zote 11 walipata pointi 184. Namba hiyo iweke mfukoni, tutaihitaji.

Desemba 1998 chuo kikamchukua Bob Stoops awe kocha mkuu. Huyu alikuwa kocha wa safu ya ulinzi kutoka Chuo Kikuu cha Florida. Akiwa huko alikuwa akikutana na Kentucky, timu ambayo haikuwa na nguvu za kutisha lakini ilikuwa inapasi mpira kutwa nzima, hadi walinzi wake wanapumua kwa midomo. Alipopewa timu yake mwenyewe, alimfuata mtu aliyekuwa akiendesha mashambulizi ya Kentucky, Mike Leach. Mimi nasema hapo ndipo Stoops alipoonyesha akili kuliko mahali pengine popote. Muuzaji anayekusumbua sokoni, ukipata duka mwajiri.

Leach alikuwa mtu wa ajabu kidogo. Hakucheza mpira huo chuoni. Alikuwa na shahada ya sheria kutoka Pepperdine, lakini hakuingia kwenye uwakili, akaenda kufundisha timu ndogondogo, na mwaka 1989 alifundisha hata Finland. Mwaka huohuo alianza kazi Iowa Wesleyan, chini ya kocha Hal Mumme, katika mji wa Mount Pleasant, ambao kutoka hapo kwako Des Moines ni mwendo wa gari wa saa mbili na ushee. Timu ile ilikuwa imetoka kupoteza mechi zake zote 10. Msimu wa kwanza wa Mumme na Leach ilishinda 7. Chuo chenyewe kilifungwa 2023, lakini uchezaji uliopikwa pale, unaoitwa Air Raid, yaani shambulio la anga, sasa unaukuta kila kona ya Marekani. Sitashangaa huyo kijana wenu akiwa mjukuu wa jiko lile.

Sasa swali lako: mtu mmoja anawezaje? Kwanza jua kwamba katika mpira wa kofia timu ni mbili ndani ya jezi moja. Wanaoshambulia ni watu 11, na mpira ukienda kwa wapinzani wanatoka wote, wanaingia wengine 11 wa kuzuia. Hawafanyi mazoezi pamoja sana, hata vikao vyao ni tofauti, na kila upande una kocha wake. Kwa hiyo kocha wa ushambuliaji si msaidizi wa kubeba maji. Ana nusu ya nyumba, na funguo anazo yeye.

Kazi ya hiyo nusu ni kusogeza mpira mbele yadi 10 kwa majaribio manne. Wakifanikiwa wanapewa manne mengine, hadi wafike mwisho wa uwanja, ndiyo tachidauni. Wakishindwa wanautoa. Kwa kila jaribio kocha anachagua mpango: nani akimbie wapi, nani apokee, nani azuie. Anayeupokea mpira kwanza na kuamua ni kotabeki.

Haya yote alinifundisha mpishi wa zamu yetu, mzee mmoja mweusi mwenyeji wa Lawton, mkono wa kushoto hana kidole cha mwisho. Usiku mmoja tumeshafunga bwalo, akapanga vichupa vitano vya chumvi mezani, bega kwa bega. "Huu ukuta wetu," akasema. Mbele yake akaweka vichupa vya pilipili manga, ndio adui. Nyuma ya chumvi akaweka vijiko vitatu. Hivyo ndivyo Oklahoma ya zamani ilivyocheza miaka ya ubingwa: mpira unabebwa, vijiko vinakimbia, chumvi inasukuma pilipili, wote wanapita kama ng'ombe mlangoni pa zizi. Mzee yule aliupenda mchezo huo kama watu wanavyopenda taarab ya zamani. Na ulikuwa mzuri kweli, ukiwa na ng'ombe wakubwa kuliko wa jirani. Miaka ya tisini ng'ombe wakubwa walikuwa kwa jirani.

Kisha akasukuma vichupa vya chumvi, kimoja huku, kingine kule, mpaka ngumi ikaweza kupita katikati. Nikamwambia, mzee, umetoboa ukuta, adui ataingia. Akacheka. "Mtazame huyu wa mwisho kabisa," akasema, akigusa pilipili ya pembeni. "Zamani alikuwa na hatua tatu kumfikia kotabeki wetu. Sasa ana ngapi?" Nikahesabu, zikawa tano. Kumbe ukuta ukitanuka, adui naye hana budi atanuke, na muda anaotumia kuzunguka ndio muda wa mpira kutoka mkononi.

Vijiko vitatu akavibakisha kimoja. Viwili akavipeleka pembeni, akaongeza vingine viwili, sasa vinne vimetandazwa upana wote wa meza. Akachukua kimoja cha kulia na kimoja cha kushoto, akavikimbiza kukutana katikati, vikapishana kwa unene wa karatasi. Uwanjani wachezaji hao wawili hupishana karibu kiasi cha kugusana mikono, na kila mmoja ana mlinzi anayemfukuza. Mzee akagonganisha pilipili mbili zilizokuwa zinafukuza vijiko, moja ikapinduka, ikamwagika, tukapiga chafya wote wawili mpaka mlinzi wa jengo akaja kuangalia kuna nini. Mlinzi anayefukuza anagongana na mwenzake. Asipofukuza, akikaa kulinda eneo lake, mpokeaji ameambiwa asimame pale penye uwazi ageuke, mpira unakuja.

Hicho ni kipande kimoja tu, na hakikuwa siri. Mumme na Leach walikichukua Chuo Kikuu cha Brigham Young, kwa kocha LaVell Edwards, na kila kocha Marekani aliweza kukiona kwenye televisheni. Basi Leach alileta nini?

Nitakueleza nilichokiona. Aprili 1999, nikitoka darasani, nilikuwa napita karibu na uwanja wa mazoezi. Siku ya kwanza nikasimama kuangalia. Wanapasi ule mpango wa kupishana, kulia. Halafu kushoto. Halafu kulia tena. Mipira haikuisha hewani, kila kotabeki anarusha, kila mpokeaji anapokea, hakuna aliyesimama akisubiri zamu. Jumatano nikapita, mpango uleule. Ijumaa uleule. Nikadhani mashine imekwama. Makocha wengine walikuwa na makabati ya mipango, vitabu vinene kama hilo la mwanao, na mchezaji akifika uwanjani kichwa kinamuuma kama mtu wa mtihani wa taifa. Leach hakugawa kitabu kabisa. Mipango yake yote ilienea kwenye karatasi moja, na yote ilirudiwa hadi miguu ikaijua bila kumuuliza kichwa. Ushambuliaji ule uliogopwa Marekani nzima, na ndani yake mlikuwa na vitu vichache kuliko ule uliokuwa unafungwa.

Hapo mama, mwanao amekwisha kukupa jibu kabla hujaniandikia. Wamepunguziwa. Kijana aliyekuwa anapitisha sekunde moja kukumbuka aende wapi, sasa sekunde hiyo anakimbia. Ukizidisha kwa watu 11, wachezaji walewale wanaonekana wapya.

Kuna jambo la pili ambalo mtu wa hewa hawezi kuliacha. Uwanja wa Norman umelala kaskazini na kusini, na upepo wa huko kwa kawaida ni wa kusini, tena una adabu mbaya. Wenyeji waliniapia kwamba timu ya kupasi haiwezi kuishi Oklahoma. Mimi nilikuwa nabisha kwa karatasi na kalamu: pasi nyingi za Leach ni fupi, yadi tano, sita, saba, zinapita usawa wa kifua. Upepo unaonea mpira unaopanda juu na kukaa. Huu haukupewa nafasi ya kukaa.

Na la tatu ni mtu. Leach alihitaji kotabeki, hakutafuta mwenye mkono wa bunduki. Alimpata Josh Heupel katika chuo kidogo cha Snow, huko Utah. Mtoto wa kocha, mrushaji wa mkono wa kushoto, si mwepesi wa mbio, lakini anasoma walinzi haraka na mpira wake unafika mahali pake. Vyuo vikubwa vilikuwa havimtaki. Leach alimpa hata ruhusa ya kubadili mpango palepale mbele ya adui akiona haufai. Fikiria, mzee mzima amefundisha kazi yake miezi minane, halafu anamwambia kijana: ukiona nimekosea, nirekebishe.

Msimu wa 1999 ukaanza kwa 49 kwa sifuri. Kisha 41, kisha 42. Texas A&M, wale wa 29 kwa sifuri, wakala 51 kwa 6. Toa sasa ile namba mfukoni: pointi 184 katika mechi 11 za 1998. Mwaka 1999, katika mechi 12, walipata 430. Safu za juu uwanjani zikaanza kuwa na maganda ya karanga mpaka mstari wa mwisho, na kufika Novemba bega langu la kulia lilikuwa linalia kama mlango.

Lakini mumeo nimpe haki yake kidogo. Mwaka ule walishinda 7 wakapoteza 5, hawakuwa mabingwa wa chochote. Notre Dame walitoka nyuma ya 30 kwa 14 wakawashinda 34 kwa 30. Ole Miss waliwapiga 27 kwa 25 Shreveport usiku wa kuamkia mwaka 2000. Nusu moja ya nyumba ilikuwa imepakwa rangi, nusu nyingine bado inavuja.

Na akiondoka? Leach aliondoka. Msimu mmoja tu, Texas Tech wakamchukua awe kocha mkuu. Siku habari ilipotoka, mpishi wangu hakupanga vichupa. Alikaa anamenya viazi kimya, na mimi nikaosha sufuria moja mara mbili. Lakini Stoops alikuwa na busara ya kutong'oa mti. Alimpandisha Mark Mangino, aliyekuwa tayari ndani ya nyumba, Heupel akabaki, na karatasi ikabaki ileile kwa sehemu kubwa. Mwaka 2000 Texas wakafungwa 63 kwa 14. Nebraska, waliokuwa namba moja nchini, 31 kwa 14, na watu wakamiminika uwanjani. Jumapili iliyofuata niliokota kiatu kimoja cha mtoto, meno ya bandia, na bendera tatu. Walishinda mechi zote 13. Na ile ya mwisho, Miami, tarehe 3 Januari 2001 dhidi ya Florida State, matokeo yalikuwa 13 kwa 2. Ukisikia 13 kwa 2 ujue ile nusu ya walinzi ndiyo iliyobeba kombe, siku ambayo karatasi ya Leach haikuwa na maajabu.

Kwa hiyo mama, usimuulize mwanao kama kocha atabaki. Kocha kijana anayeshinda huwa habaki. Muulize ni nani msaidizi aliye chini ya kocha huyo, na kama kotabeki wao ana miaka mingapi bado chuoni. Na samaki endelea kupika, hata wakishinda.

SWALI: Mzee, nimesikia kocha huyohuyo Leach aliwahi kudondosha karatasi ya uongo ili wapinzani waiokote. Ni kweli? Na kama ni kweli, hiyo si dhambi?
*Msomaji wa Likoni, Mombasa*

JIBU: Ni kweli, na mwenyewe alisimulia baadaye bila haya. Ilikuwa Oktoba 1999, mechi ya Oklahoma na Texas, inayochezwa Dallas katika uwanja wa Cotton Bowl wakati wa maonyesho makubwa ya jimbo, nusu ya jukwaa nyekundu, nusu rangi ya machungwa. Leach alitengeneza orodha ya uongo ya mipango ya mwanzo wa mechi, ikapambwa vizuri kama ya kweli, ikadondoshwa wakati timu zinapasha misuli moto, karibu na watu wa Texas. Wakaiokota. Wakaiamini. Mechi ilipoanza wakawa wanakimbilia kulinda vitu ambavyo havikuwepo.

Mimi nilikuwa jikoni na redio. Ilipofika 17 kwa sifuri, mpishi alivua aproni akaitupa juu ya friji. Kisha Texas wakagundua, wakaacha kusoma karatasi wakaanza kutazama mpira, wakashinda 38 kwa 28. Aproni ilikaa juu ya friji hadi Jumatatu.

Kuhusu dhambi, muulize sheikh au padri wako. Kwangu mimi kila chenga ni uongo unaosemwa kwa mwili, na hatujawahi kumpa mshambuliaji kadi kwa kuangalia kushoto akapiga kulia. Waliookota karatasi ya mtu na kuisoma nao wana lao la kueleza. Ila tazama hesabu yake: hila ilinunua robo moja ya mechi. Ile mipango michache iliyorudiwa Aprili ndiyo iliyonunua msimu.

SWALI: Toleo la mwezi jana uliandika kwamba uwanja wa mpira wa kofia una urefu wa yadi 100, yaani mita 91 na ushee. Nimeupima ule wa Norman kwenye picha za setilaiti nikapata karibu mita 110. Nani kakosea?
*Mpima ardhi, Dodoma*

JIBU: Mimi, kwa uvivu. Yadi 100 ni kutoka mstari wa goli hadi mstari wa goli. Kila upande kuna eneo la kufungia la yadi 10, jumla 120, ambazo ni mita 109.7. Upana ni yadi 53 na theluthi. Nimeufagia uwanja huo miaka miwili na nikausahau mwisho wake, na kwenye hizo yadi 10 za mwisho ndiko takataka zilikuwa nyingi.

SWALI: Shikamoo Mzee. Mimi ni mwalimu wa shule ya sekondari ya kata wilayani Magu, nafundisha pia timu ya soka ya wavulana. Mechi nane tumefunga magoli mawili, moja walijifunga. Nimewaandalia vijana mipango 14 ya kona na faulo, nimeichora kwa rangi ukutani stoo, lakini uwanjani wanaangaliana. Mkuu wa shule anasema tutafute kocha wa kuwafundisha ushambuliaji tu, kama wafanyavyo Wazungu, ila hela hakuna. Unanishauri nini?
*Mwalimu wa zamu, Magu*

JIBU: Marahaba mwalimu. Soka si mpira wa kofia. Vijana wako 11 ndio haohao wanaoshambulia na kuzuia, mchezo hausimami kila sekunde sita ili uwapangie upya, kwa hiyo usijaribu kuhamisha vichupa vya chumvi moja kwa moja. Lakini kona na faulo ni dakika ambazo soka linasimama, na hapo mnafanana kabisa. Una mpira uliotulia, una watu wako, una muda wa kupumua.

Mipango 14 ni mingi. Nimejaribu kuhesabu: mnafanya mazoezi siku tatu kwa wiki, nadhani, saa moja na nusu kabla giza halijaingia, na mipira mnayo miwili, labda mitatu, mmoja una kiraka. Katika muda huo kila mpango unarudiwa mara moja, kesho wanakutana na wa pili, wakifika wa 14 wa kwanza umeshasahaulika. Ndiyo maana wanaangaliana. Wanatafuta ukuta wa stoo, na ukuta haukuja uwanjani.

Chukua brashi, mwalimu, ufute 11. Bakiza kona moja ya kulia, hiyohiyo igeuze iwe ya kushoto, na faulo moja ya karibu na boksi. Mpigaji awe mmoja, usibadilishe kwa huruma. Mtafute kama Leach alivyomtafuta Heupel, si lazima awe yule mwenye shuti la kuvunja nyavu, awe yule ambaye mpira wake unatua unapotaka utue. Pengine yupo benchi, au yupo kidato cha kwanza, ni mdogo na viatu vyake vimepasuka. Kisha rudieni hadi uone aibu, hadi wapita njia wadhani mashine imekwama. Upande wa Magu upepo wa ziwa huanza kuvuma alasiri, kwa hiyo kona ya chini chini, usawa wa kiuno, itakusumbua kidogo kuliko ya juu.

Mkuu wa shule mwambie kocha mpya ameshapatikana, hana mshahara, ameanza kazi Jumatatu. Nawe niandikie mwezi ujao umefuta mingapi, maana nawajua walimu: utafuta mitano, halafu utaichora mingine mitatu.